Kaseti ya Wanawake Peke Yao

Mildura, Australia
14 Januari 1991

Kwa Mtukufu Folola,

Je, mwili wako uliotukuka umeamka salama? Je, jua la nchi yako limechomoza kwa neema? Mimi ni mgeni. Naomba unielekeze lilipo jumba la gavana.

Hayo ya juu ni ya kaseti. Kaseti sita za lugha ya Tonga, maktaba ya hapa ilitupa, mimi okota. Mzee mmishonari anasema, halafu kimya, halafu mimi nasema. Miezi nane sasa. Hapa chini ni mimi mwenyewe, samahani makosa.

Mimi Noelene, mke wa kaka yako Feleti. Miaka sita mimi mke. Mama yenu, Lesieli, hajasema na mimi neno moja. Mimi nataka sema na yeye. Si Feleti aseme. Mimi. Nikiuliza Feleti lugha yake anacheka, anajibu Kiingereza, analala. Kazi ya mizabibu inachosha. Hajui mimi naandika.

Wewe saidia mimi?

Noelene


Leimatua, Vavau, Tonga
6 Februari 1991

Wifi yangu Noelene,

Weee! Barua yako imenikuta napara samaki, na huo mwili wangu uliotukuka ulikuwa na magamba mpaka kwenye nyusi. Nikaibeba hivyohivyo hadi nyumba ya kusukia mikeka nikawasomea wenzangu. Walicheka, Noelene! Maata akaniuliza, "Folola, tangu lini umekuwa malkia? Hebu tuonyeshe taji." Huyo mmishonari wako alifundisha maneno ya kusemea na wafalme. Na gavana hapa kijijini hakuna, kuna nguruwe wa jirani wanaotawala kila ua.

Lakini nilipofika pale pa "hapa chini ni mimi mwenyewe," kicheko kikakatika. Maata akasema, "Huyo mwanamke kajifundisha na redio ya kaseti?"

"Na redio."

"Miezi minane?"

"Minane."

"Mimi mume wangu nimekaa naye miaka ishirini na sijamwelewa bado."

Sasa nikueleze, maana naona Feleti hakukueleza. Mama hakuchukii, hata sura yako haijui. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe alioa ofisini huko bila kumwambia, na habari akaipata kwa muuza samaki. Muuza samaki! Mbele ya watu! Tangu siku hiyo amesema, "Mimi siongei na mkwe kwa mdomo wa kukodi. Anayetaka kuwa mwanangu aje na mdomo wake." Feleti akipiga simu Krismasi wanaongea vizuri, akikutaja tu, mama ananipa mimi simu.

Na mwaka huu, mwisho wa Septemba, anatimiza sabini. Karamu kubwa. Amesema ambaye hajaongea naye hatakanyaga ua wake siku hiyo, na Feleti amesema bila mke wake haji. Kila mmoja na kichwa kigumu kama cha mwenziwe. Kwa hiyo wifi, usipopata mdomo, mama anatimiza sabini bila mwanawe, na sabini na moja hatujui kama ataiona, kifua chake si kizima.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kuandika kunanitoa jasho. Lakini kusema? Muulize yeyote. Nakutumia kaseti ya kwanza, nimekuwekea namna watu tunavyoongea kweli: kusalimiana, kununua, kufukuza nguruwe, kumkaribisha mgeni asiye na njaa mpaka ale. Nasema, nanyamaza, unarudia. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, lakini kwa ajili yako nitajikaza.

Wako asiye na taji,
Folola


Mildura
1 Machi 1991

Wifi Folola,

Kaseti imefika. Asante, asante. Mmishonari alikuwa kanisa, wewe ni jiko. Nasikia kuku. Nasikia mtu anakuita na wewe unamjibu, "Ngoja, nafundisha!" Na hilo pia nimerudia, mara nyingi, mpaka nikajua maana yake.

Nasikiliza kwenye gari asubuhi kwenda kazini. Mimi nachagua matunda kwenye ghala, yanapita kwenye mkanda, mabaya natoa. Mashine ina kelele, basi nasema kwa sauti kubwa hakuna anayesikia. Jana mashine ilizimwa ghafla na mimi nilikuwa katikati ya "Toka, nguruwe mkubwa wewe, mama yako nani?" Msimamizi alikuwa mbele yangu. Alitaka kujua nimesema nini. Nikasema nimemwombea.

Nakutumia kaseti na mimi. Nimeongea dakika kumi bila karatasi. Tafadhali sema ukweli, ni mbaya?

Noelene


Leimatua
25 Machi 1991

Noelene, jasiri wangu,

Mbaya? Nimeipiga mbele ya wanawake wote na hakuna aliyesuka hata jani moja la mkadi mpaka ikaisha. Ulipoeleza unavyoamka gizani kujifunza kabla hujampikia mume chai, Maata akajifuta macho na mkeka wa watu. Mimi nimezaliwa na lugha hii, sijawahi kuihangaikia hata siku moja, nimeikuta kama nilivyokuta pua yangu. Wewe umeifuata kwa miguu. Nakuvulia kofia, na kofia sina.

Sasa sikia. Mama alikuwa pembeni, amejifanya anahesabu majani. Akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Mtu wa redio."

"Anaongea kama aliyebeba mayai kichwani."

"Ndiyo, mama."

"Lakini hajavunja hata moja," akasema, akaendelea kuhesabu. Nikakaa kimya. Mungu ananiona nilikaa kimya, ingawa mdomo uliwasha kama nimekula gimbi bichi.

Nakutumia mbili. Ya pili ni ya kuongea na wakubwa, ndiyo itakayokufaa kwa mama, irudie mpaka ikutoke usingizini. Ya tatu ni ya wanawake peke yao. Ukichoka na heshima, ifungulie hiyo ucheke. Tuliirekodi tukiwa watano na hakuna aliyekuwa na adabu.

Wifi yako,
Folola


Mildura
20 Aprili 1991

Wifi,

Barua hii ni fupi. Nafikiri ninaacha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye gari, Feleti anaendesha. Nilitaka kumshangaza. Nikaweka kaseti ya tatu. Sikuwa nimeisikiliza bado, lakini nilijua ni sauti yako, nikafikiri atafurahi kusikia dada yake. Ulianza kusema, nikarudia nyuma yako, kwa sauti, vizuri kabisa. Sikuelewa maneno, yalikuwa mapya, lakini nilijivunia ulimi wangu.

Baada ya sentensi tatu Feleti alisimamisha gari katikati ya mashamba ya mizabibu. Alitoka. Hakufunga mlango. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kilomita saba, na jua lilikuwa kali. Mimi niliendesha polepole nyuma yake, nikimwita. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo akisikia kaseti yoyote anatoka nje. Nikimuuliza anasema, "Si kitu." Usiku ananipa mgongo. Nadhani ana aibu. Nadhani mdomo wangu katika lugha yenu ni kitu cha kuchekesha, na wewe kwa wema wako hukuniambia. Kama mume wangu mwenyewe hawezi kunisikiliza, mama atanisikiliza vipi?

Nisamehe kwa kazi yote niliyokupa.

Noelene


Leimatua
9 Mei 1991

Noelene! Noelene! Noelene!

Usiache! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kosa ni langu, langu peke yangu, na nimeona haya mpaka nimeshindwa kula, na Maata anakwambia hilo halijawahi kutokea.

Niliandika "ya wanawake peke yao," nikadhani nimemaliza. Huku hata mtoto anajua maana yake. Wewe ungejuaje? Mmishonari angekufundisha?

Sikiliza. Kwetu mtu na dada yake hawachezi. Tangu Feleti alipoanza kuota ndevu alihamishiwa kibanda cha wavulana, hajalala tena paa moja na mimi. Mimi nikiingia, yeye anatafuta sababu ya kutoka. Sinema ikionyesha watu wanabusiana, mmoja wetu anakumbuka ana nguo za kuanua. Mtu akitaka kutoa mzaha mchafu kwenye baraza, wenzake wanamkanyaga mguu: "Kuna ndugu hapa, kaka na dada!" na hata mlevi ananyamaza. Hiyo ndiyo heshima yetu. Ukiivunja hujamkosea mtu mmoja, umeutia ukoo wote matope.

Na mimi, dada yake, kwenye ile kaseti nilikuwa nakufundisha maneno ya mke kumwambia mume wakishafunga mlango! Sentensi ya pili ilikuwa ile ya nazi. Usiulize. Akaisikia kwa sauti yangu, halafu mkewe akairudia, vizuri kabisa! Masikini Feleti! Kilomita saba? Mimi ningetembea mpaka baharini.

Kwa hiyo si mdomo wako, wifi. Ni wangu. Na hawezi kukueleza, maana akikueleza lazima ataje nilichosema, na kutaja hawezi. Mimi nami siwezi kumwomba radhi kwa jambo hilo, maana kuomba radhi ni kulitaja. Kaka na dada tumekwama kama nguruwe wawili kwenye tundu moja la uzio.

Fanya hivi. Ile kaseti ifiche, usiichome, ina vitu vizuri. Wewe usimwambie neno juu yake. Zile nyingine sikiliza ukiwa peke yako, na urudi kwenye ya pili. Nimeshawekesha nafasi kwenye ofisi ya simu mjini Neiafu, Ijumaa tarehe 12 Julai, saa nne asubuhi ya huku, wewe upige. Mama sijamwambia. Siku hiyo nitamwambia, na akikataa nitambeba.

Nakuomba kwa magoti yangu yote mawili, na moja linauma.

Folola


Mildura
2 Juni 1991

Wifi Folola,

Nilisoma barua yako kwenye ghala, chakula cha mchana, na nilicheka mpaka wenzangu wakaniletea maji. Halafu nikalia kidogo. Miaka sita naishi na mtu huyu na sikujua kwa nini simu ya Krismasi ikifika mkononi mwako anaikata upesi.

Sikumwambia neno. Lakini sikiliza alichofanya. Jumatatu nilirudi kutoka kazini, juu ya meza ya jikoni kuna sanduku. Ndani ni vile vya kuvaa masikioni, vipya, vikubwa kama vya rubani, ili asikie mwenye kuvaa peke yake. Feleti alikuwa anaosha buti zake nje. Nikamuuliza, "Hivi ni vya nani?" Akasema, "Vya mwanafunzi." Hakuinua macho. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Basi sasa kila jioni nakaa jikoni nimevaa, naongea peke yangu, na yeye anakaa chumba cha pili, mlango wazi. Anasikia mimi tu. Wewe hakusikii. Nikikosea anakohoa. Nikirudia vizuri, kimya. Jana nilisema sala yote ya chakula kwa lugha ya wakubwa, na hakukohoa hata mara moja. Nilipotoka nikamkuta ameinamisha kichwa. Alikuwa anaitikia sala.

Tarehe 12 nitapiga. Naogopa kuliko siku ya kuolewa.

Noelene


Leimatua
13 Julai 1991

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, Noelene,

Najua ulikuwa upande wa pili, lakini upande huu hukuuona, ngoja nikupe.

Jana asubuhi nikamwambia mama, "Kuna simu Neiafu. Ni mke wa Feleti."

Akaniuliza, "Kwa mdomo wa nani?"

"Wake mwenyewe."

Akaingia ndani. Nikasema basi, imekwisha, nitafute wa kunisaidia kumbeba. Akatoka amevaa nguo nyeusi na mkeka wa kiunoni, ule mzuri, wa kuendea kanisani! Kuongea na simu! Nikasema moyoni, mkwe anapewa heshima ya pasta, na hajafungua mdomo bado.

Ofisi imejaa watu. Karani Mosese akatuita, mama akaingia kwenye kile kibanda cha kioo, mlango ukabaki wazi kidogo. Nikaweka mguu. Mama kaishika simu kama anapima uzito wa kiazi kikuu. Akasema, "Nani?" Halafu, "Sema tena." Halafu akaanza kuuliza mbiombio kama kawaida yake, umekula nini, nani kakupikia, mvua imenyesha, kwenu ni nani aliyekulea. Mbiombio vile hata mimi nilipotea! Halafu kimya. Kimya, Noelene. Nikasema umepotea, mayai yamekumwagika yote.

Mama akasikiliza. Sijui ulimwambia nini. Akasema, "Mimi ni mzee, sina muda wa kwenda polepole." Akasikiliza tena. Halafu akavuta pumzi akasema, neno moja, akapumzika, neno la pili, akapumzika, "Nani... aliye... kulea?"

Mama yangu! Ambaye hata pasta hamngoji kwenye amina! Mimi mwanawe wa kumzaa hajawahi kunipunguzia mwendo hata nilipokuwa na surua!

Hapo akaona mguu wangu. Akausukuma kwa fimbo, akafunga mlango. Nikabaki na kioo. Namwona anaitikia kwa kichwa. Namwona anacheka, mkono mdomoni. Namwona kageuka ananipa mgongo, kainama, ananong'ona! Mosese akagonga, "Bibi, kuna watu wanasubiri." Akafungua kidogo: "Nyamaza wewe, nilikuogesha ulipozaliwa." Akafunga.

Dakika arobaini. Alipotoka alisema kitu kimoja tu: "Yule mtu wako wa redio ameendelea." Kumbe alijua tangu Machi! Njia nzima kurudi namuuliza, mlikuwa mnaongea nini? Ananiambia tazama barabara, Folola, utajikwaa.

Andika upesi. Mlikuwa mnanong'onezana nini? Sijalala.

Folola


Mildura
30 Julai 1991

Wifi mpendwa,

Nilikuwa nimeandika karatasi tatu za kusema. Mama aliposema "Nani?" zikaanguka chini zote, na nilipoinama kuziokota akaanza kuuliza, na mimi nikawa kama mtu anayepigwa na mvua ya mawe. Sikushika hata neno moja. Nilitaka kukata simu. Feleti alikuwa mlangoni, akakohoa. Si kukohoa kwa kosa. Kukohoa tu, nijue yupo.

Basi nikasema neno ambalo si la mmishonari wala lako. Nikasema, "Mama, sijaelewa. Katika lugha yako mimi ni mtoto mdogo, nimeanza kutembea mwaka huu. Nishike mkono." Aliposema hana muda, nikasema, "Mimi ninao, mama. Nitangoja." Nikangoja.

Akaniuliza nani aliyenilea. Nikamwambia, bibi yangu, mzaa mama, na jinsi alivyokufa. Hakuna kaseti yenye maneno hayo, Folola. Sijui niliyatoa wapi. Yalikuwa pale.

Kuhusu kile alichoninong'oneza. Alisema, "Hili usimwambie Folola, akijua Folola imejua Vavau nzima." Halafu akaniambia. Nilielewa kila neno, mwanzo mpaka mwisho, bila kuuliza.

Kwa hiyo sisemi.

Noelene


Leimatua
20 Agosti 1991

Noelene, mwizi wa mama za watu,

Husemi? HUSEMI? Nani aliyekufundisha kusema? Mimi! Nimekupa mdomo kwa mkono wangu huu, kaseti kwa kaseti, sasa unaufunga mbele ya pua yangu!

Nilimpelekea Maata barua yako anipe haki yangu. Akaisoma mara mbili, akaniambia, "Folola, mgeni amejifunza kusema lugha yetu kwa mwaka mmoja na ushei. Na kunyamaza kwa lugha yetu amejifunza kwa dakika arobaini. Wewe una miaka arobaini na minne hujaanza." Wasukaji wakacheka wote. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Nikiwa peke yangu nililia kidogo pia, wala si kwa ajili ya siri. Nimejaribu kufikiri ni nani mwingine namjua ambaye angekaa jikoni usiku na usiku akiongea na sanduku, kwa ajili ya mwanamke mzee asiyetaka kumwona. Sijampata.

Haya, habari. Mama ameshachagua nguruwe, yule mwenye doa jeusi, na amewaambia watu wa kanisani kwa sauti kubwa kwamba mtoto wake na mkewe wanakuja mwezi ujao, na kwamba mkewe anaongea vizuri kuliko vijana wa siku hizi. Kasema utakaa kulia kwake. Kulia kwake hukaa mimi. Nimehamia kushoto, sijanung'unika, au nimenung'unika kidogo.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti. Si yangu. Juzi mama alinifukuza nyumbani na redio ikabaki kwake. Nikakaa nje na kuku saa nzima, namsikia anasema, ananyamaza, anasema, ananyamaza, taratibu kama anamlisha mtoto uji. Akatoka akanipa imeshafungwa: "Mtumie mwanangu. Mwambie arudie, akija nitamsikiliza."

Mungu ananiona, Noelene, sijaisikiliza hata neno moja. Nilijaribu. Ametoa betri.

Folola